TAHARIRI: Kijana uliye majuu, theluji si ya kutazamwa dirishani

Kijana anapopata visa ya kwenda kusoma au kufanya kazi majuu, ushauri humjia kutoka kila pembe. Mjomba atamwambia afungue akaunti ya benki mapema. Shangazi atampakia unga, majani chai na pilau masala. Rafiki aliyetangulia atamtumia ujumbe kuhusu koti zito na viatu visivyopitisha maji. Kuhusu baridi yenyewe, ushauri huwa mmoja tu: jifunike. Ni nadra kumsikia mtu akimwambia atoke nje akacheze kwenye hiyo theluji.

Sisi tunasema atoke.

Jambo hili si la mzaha. Hapa kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, na saa kumi na mbili za mwanga tumezizoea kama haki ya kuzaliwa. Jijini Oslo, Norway, jua la katikati ya Desemba hukaa angani kwa takriban saa sita pekee. Ukipanda hadi Tromsø, kaskazini mwa nchi hiyo, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mgeni asiyejipanga hujikuta na ratiba ya aina moja: darasani, kazini, chumbani, simu mkononi. Anapiga gumzo na watu wa nyumbani kila usiku, lakini hajui hata jina la jirani wa mlango wa pili. Upweke huingia kimyakimya hivyo, na mzazi aliye Kitengela au Kisauni hawezi kuuona kupitia skrini ya simu.

Wenyeji wa huko hawasubiri baridi iishe ndipo waanze kuishi. Wanatoka. Na kati ya michezo yao yote ya theluji, kuna mmoja ambao tungependa uujaribu: telemaki, yaani kuteremka mlima kwa skii huku kisigino kikiwa huru.

Hebu tuuelewe kwanza. Skii ni zile mbao mbili ndefu zinazofungwa chini ya buti. Katika skii za kuteremka zinazoonyeshwa sana kwenye runinga, buti hukazwa mbele na nyuma, mguu na ubao vikawa kitu kimoja. Katika telemaki, buti hushikiliwa upande wa vidole tu. Kisigino hupanda na kushuka kama unavyotembea. Ukifika kwenye kona, unatanguliza mguu mmoja, unainua kisigino cha mguu wa nyuma na kukunja magoti yote mawili. Ukimtazama mtu akifanya hivyo kwa mbali, utadhani anapiga goti kumvisha mchumba pete, kisha anabadilisha mawazo na kumpigia goti mwingine upande wa pili.

Jina hilo limetoka Telemark, eneo la kusini mwa Norway. Mtu anayekumbukwa zaidi katika mchezo huu ni Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka wa 1825 katika kijiji cha Morgedal. Hakuwa tajiri. Alikuwa mkulima maskini asiyemiliki shamba lake, na skii zake alizichonga mwenyewe. Alisokota mizizi ya miti akaizungusha nyuma ya kisigino ili buti lisichomoke anaporuka, na akazifanya skii ziwe nyembamba katikati ili zikate kona kwa urahisi. Mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 42, alienda Christiania, mji ambao leo ni Oslo, akawaacha washindani wake hoi.

Kuna jambo jingine kumhusu ambalo kijana wa Kenya atalielewa haraka. Mwaka wa 1884 Norheim alifunga virago, akahamia Marekani kutafuta riziki. Alifariki mwaka wa 1897 huko North Dakota, jimbo linalojulikana kwa nyanda zake tambarare. Bingwa wa milima alimalizia siku zake mahali ambapo milima ni ya kutafutwa. Naye pia alikuwa mtu wa majuu, kama wewe.

Kuanzia miaka ya 1930, vifungio vinavyokaza kisigino vilienea na telemaki ikawekwa pembeni. Ilifufuka katika miaka ya 1970 kwenye milima ya Colorado, Marekani, hasa katika mji wa Crested Butte, kupitia vijana waliotaka kwenda kule ambako lifti za mlimani hazifiki. Leo mchezo huu una Kombe lake la Dunia chini ya shirikisho la kimataifa la FIS, ingawa bado haumo katika Olimpiki.

Hapa ndipo utasikia mtu akisema, "Hiyo ni michezo ya wazungu, bana." Huyo mwambie kuhusu Philip Boit. Mwanariadha huyu kutoka Bonde la Ufa alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka wa 1996 alipelekwa Finland kufunzwa kuteleza, na huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japan, akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakuenda zake. Alimsubiri Boit kwenye utepe akamkumbatia, na sherehe ya medali ikangoja. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, kisha akarudi kwenye Olimpiki za 2002 na 2006.

Sasa sikiza hili: skii za mbio za masafa alizotumia Boit nazo huacha kisigino huru. Kwa hivyo Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya theluji aliteleza kisigino kikiwa juu. Mwaka wa 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, alishindana Pyeongchang katika skii za kuteremka zenye kisigino kilichokazwa. Njia zote mbili zimeshapitwa na watu wetu. Hakuna mlango wa kuvunja hapo.

Lakini kwa nini tunakupendekezea telemaki, na si skii za kawaida? Kwanza, ukiwa na kisigino huru unaweza kutembea na kupanda. Ukibandika chini ya skii ukanda wenye manyoya yanayozuia kurudi nyuma, unapanda mlima kwa miguu yako na kuteremka bila kulipia lifti kila mara. Pili, mchezo huu hauna haraka. Hakuna anayekutazamia uwe roketi. Raha yake ni kuinama na kuinuka kwa mdundo mmoja, kama mtu anayecheza mugithi akiwa peke yake mlimani. Tatu, wanaoucheza ni wachache, na penye watu wachache mgeni huonekana na kusalimiwa. Kwa mtu anayepambana na upweke, hiyo ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili.

Hatutakudanganya, hata hivyo. Telemaki ni ngumu kuliko skii za kawaida. Mapaja yatawaka moto. Utaanguka sana, na mara nyingi utaanguka kifudifudi, kwa sababu kisigino kilicho huru hakikuzuii usiende mbele. Iwapo ulipo hakuna mkufunzi wa telemaki, si aibu kuanza na skii za kawaida kwa msimu mmoja, ujue kusimama na kupinda, ndipo ukifungue kisigino.

Tuje kwenye vifaa, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa kabla ya kuanza. Usinunue kitu siku ya kwanza. Kodisha. Piga simu dukani kabla ya kwenda, kwa sababu maduka mengi ya mlimani yana skii za kawaida lakini si yote yenye za telemaki. Nchini Norway kuna mpango unaoitwa BUA unaoazima watu vifaa vya michezo ya nje bila malipo katika manispaa nyingi. Uliza walicho nacho. Vyuo vingi vilivyo karibu na milima vina vilabu vya matembezi vyenye vifaa vya kukodisha kwa bei ya mwanafunzi.

Ukishanogewa na kutaka kununua, wewe ni mtoto wa Kenya: mitumba haijawahi kukutisha. Jua tu mambo mawili. Kuna mifumo miwili mikuu ya buti na vifungio. Ule wa zamani huitwa wa milimita 75, na buti lake lina ulimi bapa mbele kama mdomo wa bata. Ule mpya, uliotolewa mwaka wa 2007 na kampuni ya Rottefella ya Norway, huitwa NTN na hauna mdomo huo. Buti la mmoja haliingii kwenye kifungio cha mwingine, kwa hivyo usivutwe na bei ukarudi nyumbani na vitu visivyooana. Pili, kagua plastiki ya buti, hasa pale mbele panapokunjika. Plastiki ya zamani hupasuka. Na buti likubane vizuri. Likiwa na nafasi ya soksi tatu, halitakusikiliza.

Uliza pia kama kifungio huachilia buti unapoanguka. Vingi vya zamani haviachilii, na goti ndilo hulipa. Valia helmeti bila mjadala, na pedi za magoti, kwa sababu goti la nyuma hushuka karibu kabisa na ubao na mawe huwa yamejificha.

Nguo nazo zina mpangilio wake. Ya ndani iwe ya sufu au kitambaa kinachokauka haraka. Pamba iache kabatini, kwani ikilowa jasho inakugeukia na kukugandisha. Ya katikati iwe ya kuhifadhi joto, na ya nje izuie upepo na maji. Halafu kuna uvumi mmoja tunataka kuuzika: kwamba ngozi nyeusi haihitaji mafuta ya kujikinga na jua. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua moja kwa moja usoni mwako. Ngozi yako itaungua, na macho yako pia. Jipake mafuta, vaa miwani.

Kama bado uko Nairobi, Nakuru au Mombasa ukisubiri visa, anza leo. Piga hatua ndefu mbele, shusha goti la nyuma karibu na sakafu, simama, badilisha mguu. Fanya kumi kila upande, mara tatu kwa siku. Panda na ushuke ngazi za ploti badala ya kutumia lifti. Ukiweza kujiunga na vijana wa skati wanaoteleza mjini wikendi, bora zaidi. Atakayekuwa amezoea kusimama kwenye magurudumu hatashtuka sana mbao zikianza kumkimbia.

Siku ya kwanza kwenye theluji, usikimbilie kileleni ili upige picha. Tafuta mahali tambarare. Tembea na skii zako huku na huko kama mtu anayeburuta malapa. Kisha panda mteremko mdogo kabisa, teleza ukiwa umesimama wima, visigino vyote viwili chini. Jifunze kusimama kwa kukutanisha ncha za mbele na kutanua mikia ya nyuma, skii zikawa na umbo la kipande cha pizza. Hadi uweze kusimama pale unapotaka, usifikirie kupiga goti.

Hatua ya pili, kata mteremko kwa upande, usiteremke moja kwa moja. Ukiwa unaenda polepole, tanguliza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia. Zoea kubadilisha bila kuyumba. Mikono iwe mbele ambapo unaweza kuiona. Ikirudi nyuma, mwili wote unaifuata.

Hatua ya tatu ni kona yenyewe. Ukitaka kupinda kushoto, mguu wa kulia ndio unaotangulia, na wa kushoto unabaki nyuma kisigino kikiwa juu. Ukipinda kulia, mambo yanageuka. Kanuni ni kwamba mguu wa nje ya kona ndio huenda mbele. Inuka kidogo, pitisha miguu, shuka taratibu. Usidondoke kama gunia.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuutegemea mguu wa mbele peke yake na kuuburuta wa nyuma kama mkia. Skii ya nyuma ikikosa uzito hutangatanga, na ikitangatanga unaanguka. Gawa uzito nusu kwa nusu. Bonyeza ubao wa nyuma kwa ule unyama wa mguu ulio chini ya vidole, hasa upande wa kidole kidogo. Goti la nyuma liwe chini ya nyonga yako, lisiachwe mbali huko nyuma. Ukifanya hivyo, utasikia skii zote mbili zikikata theluji kama skii moja ndefu. Siku utakayosikia hivyo kwa mara ya kwanza, hutahitaji mtu kukusukuma urudi.

Somo moja na mkufunzi linashinda wiki nzima ya video. Lipa hilo kwanza, hata kama hujaomoka, kabla ya kulipa kitu kingine chochote.

Kuhusu usalama, hatuna mchezo. Hakikisha bima yako inagharamia ajali za michezo ya theluji. Usidhani tu kwamba inafanya hivyo. Soma rangi za njia: Norway huanza na kijani, kisha buluu, nyekundu, na nyeusi ndiyo ya wazoefu. Marekani ni duara la kijani, mraba wa buluu, kisha almasi nyeusi. Aliye chini yako mteremkoni ndiye mwenye haki ya njia. Wewe wa juu ndiwe wa kumkwepa. Na usitoke nje ya njia zilizowekwa alama eti kwa sababu wenzako wanatoka. Huko nje kuna maporomoko ya theluji, na huua watu waliozaliwa na kukulia milimani, sembuse mgeni. Anayeenda huko huwa na mafunzo, kifaa cha kutuma ishara mwilini, koleo na fimbo ya kutafutia mtu aliyefukiwa, na huwa amesoma ilani ya siku hiyo. Norway hutoa ilani hizo kwenye tovuti ya Varsom, kwa kipimo cha 1 hadi 5. Msimu wako wa kwanza, mambo hayo yaache.

Utauliza, nitaruhusiwa? Ukiwa Oslo, panda treni ya chini ya ardhi inayopanda kuelekea Frognerseteren. Utakuta watu wamebeba skii ndani ya behewa kama vile abiria wetu wanavyobeba mzigo wa sokoni kwenye matatu, na hakuna anayegeuka kuangalia. Isitoshe, sheria ya Norway ya mwaka wa 1957 kuhusu maisha ya nje inampa kila mtu, raia au mgeni, ruhusa ya kutembea kwa miguu au kwa skii kwenye ardhi ya wazi isiyolimwa. Haikuulizi ulizaliwa wapi. Na usidhani theluji ni ya Ulaya na Marekani pekee. Lesotho ina kituo cha Afriski, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako msimu huwa Juni hadi Agosti.

Wengine watasema kijana wa majuu hana muda wala doo za kuchezea: kuna karo, kodi ya nyumba, na kuna nyumbani wanaosubiri kutumiwa. Ni kweli, na hatuwezi kumwambia mtu aache zamu ya kazi akateleze. Lakini mtu aliyevunjika moyo chumbani hasomi vizuri wala hafanyi kazi vizuri. Jumamosi mbili au tatu kwa msimu, kwa vifaa vya kuazima, si anasa ya kumfilisi mtu.

Ombi letu la mwisho ni kwa vyama vya Wakenya walio ng'ambo. Mnajua kuandaa nyama choma ya Jamhuri, na mnafanya vyema. Ongezeni siku moja ya theluji kwenye kalenda, ikiwezekana Januari, wakati sherehe zimeisha na giza bado lipo. Wasakeni wale wageni wa mwaka wa kwanza mmoja mmoja, msitume tu tangazo kwenye kundi mkangoja. Kodisheni vifaa kwa pamoja, mlipieni mkufunzi kwa mchango, beba chai ya maziwa kwenye thamosi. Atakayeanguka mara ishirini siku hiyo atarudi chumbani akiwa amechoka, amelowa, na ana namba za simu za watu kumi anaoweza kuwapigia wiki inayofuata.